MTOTO MDOGO ANAELEWA: Miaka ya mwanzo na afya ya maisha yote



Kuna maneno yanayosikika sana hapa kambini, kwenye foleni ya maji, kliniki, na hata katika vikao vya kijiji: “Huyu bado mdogo, haelewi kitu. Atasahau.” Mara nyingi anayesema hivyo ni mzazi aliyevuka mpaka usiku huku mtoto akiwa mgongoni, na anasema ili ajitulize moyo. Hatumlaumu. Tena kuna ukweli kidogo ndani ya maneno hayo. Mtoto wa mwaka mmoja hatakuja kusimulia siku ile. Hatakumbuka jina la mto mliouvuka wala sura za watu waliokuwa na silaha. Lakini kusahau kwa akili ni jambo moja, na kusahau kwa mwili ni jambo jingine.

Katika makala haya tunapenda kuwaeleza yale ambayo madaktari na watafiti wamejifunza kuhusu miaka ya mwanzo ya mtoto, tangu akiwa tumboni mpaka anapokaribia kuanza shule, na jinsi miaka hiyo inavyogusa moyo wake, sukari yake, usingizi wake na furaha yake hata atakapofika miaka hamsini. Habari nyingine ni nzito. Msiache kusoma katikati, kwa sababu katika habari hizo hizo mtaona kwamba kinga kubwa ya mtoto haitoki kwenye ghala la mgao. Mnayo ninyi wenyewe.

King'ora ndani ya mwili

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una ukubwa wa karibu robo ya ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka mitatu umeshafikia karibu asilimia 80. Katika muda huo mfupi, chembe za ubongo zinaungana kwa njia nyingi mno, na tunaweza kuzifananisha na njia za miguu kati ya kijiji na kijiji. Njia inayopitwa kila siku inapanuka na kuwa barabara. Isiyopitwa inaota majani na kupotea. Mtoto akilia akachukuliwa, akitabasamu akatabasamiwa, akitoa sauti akajibiwa, zile njia zinapitwa. Akilia saa nzima bila mtu kufika, zinapitwa njia nyingine, zile za hofu.

Hofu yenyewe si ugonjwa. Kila binadamu ameumbwa na king'ora cha hatari. Kikilia, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga kwenye damu homoni za dharura, na mojawapo inaitwa kortisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda ndani ya damu ili misuli ipate nguvu, tumbo linapunguza kazi yake, usingizi unakatika. Ndiyo maana siku mlipokuwa mnakimbia wengi wenu hamkusikia njaa wala miba, mpaka mlipofika salama ndipo mkaona miguu imechanika. King'ora kilifanya kazi yake vizuri, na hatari ilipopita kikazima.

Mtu mzima ana uwezo fulani wa kukizima mwenyewe. Anajiambia, “Ni mlio wa gari tu,” naye anatulia. Mtoto mchanga hana uwezo huo. Anazimiwa king'ora na mtu mwingine: anashikwa, anasikia mapigo ya moyo anayoyafahamu, sauti anayoifahamu, harufu anayoifahamu, na mwili wake unajifunza kwamba hatari ina mwisho. Baada ya kutulizwa mara nyingi sana, hatimaye anaweza kujituliza mwenyewe.

Lakini mtoto anayeishi siku kwa siku katika ugomvi, kipigo, matusi au upweke, bila mtu wa kumtuliza, king'ora chake kinalia mfululizo, na mwili wake unajipanga kuishi vitani hata kama vita vimebaki ng'ambo ya mpaka. Mtoto huyo anashtuka kwa kitu kidogo. Anakasirika upesi. Darasani hawezi kukaa na kusikiliza kwa sababu ubongo wake uko mlangoni unalinda, na mwalimu anamwita mtundu. Shida haiishii kwenye tabia. Homoni za dharura zikizidi kwa miaka mingi zinachosha moyo na mishipa ya damu, zinavuruga sukari, na zinadhoofisha kinga ya mwili dhidi ya maradhi. Kwa hiyo yule mzee mwenye shinikizo la damu anayehudhuria zahanati kila mwezi huenda sehemu ya ugonjwa wake ilianza kabla hajajua kutembea.

Watoto wa London

Jambo hili lilionekana wazi zamani, tena kwa watoto wa vita. Mwaka 1940 na 1941 ndege za Ujerumani zilipiga mabomu jiji la London karibu kila usiku kwa miezi mingi. Kabla ya hapo, tangu Septemba 1939, serikali ya Uingereza ilikuwa imehamisha mamia ya maelfu ya watoto kutoka mijini kwenda kukaa na watu wasiowajua vijijini, mbali na mabomu. Wengi waliondoka bila wazazi wao.

Akina mama wawili, Anna Freud na Dorothy Burlingham, ambao wenyewe hawakuwa wazaliwa wa Uingereza, walifungua nyumba za kulelea watoto wa vita katika mtaa wa Hampstead, wakawa wanaandika kila walichokiona. (Anna Freud alikuwa mkimbizi. Alitoroka Vienna na familia yake mwaka 1938.) Walichokiona kiliwashangaza wengi. Mtoto aliyelala kwenye handaki akiwa na mama yake, mabomu yakianguka, mara nyingi aliendelea vizuri, hasa kama mama mwenyewe alikuwa mtulivu. Mtoto aliyepelekwa kijijini kwenye usalama na chakula cha kutosha, lakini akatenganishwa ghafula na wazazi, mara nyingi ndiye aliyeharibikiwa: aliacha kusema, alirudia kukojoa kitandani, alijigonga kichwa, au alikaa kimya akitazama ukuta. Kwa mtoto mdogo, kuvunjika kwa familia kulikuwa na uzito kuliko bomu.

Tunawasimulia haya kwa sababu wapo wazazi kambini wanaojiona wameshindwa kwa kuwa watoto wao wanakulia chini ya turubai. Turubai si kitu kizuri, hatutasema uongo. Lakini mtoto anamhesabu mtu aliye karibu naye kabla ya kuhesabu kuta za nyumba.

Daktari aliyeuliza swali ambalo halikuwa likiulizwa

Habari inayofuata inatoka Marekani, kwa watu ambao hawakuwa wakimbizi wala maskini. Katika miaka ya 1980 daktari mmoja wa mji wa San Diego, Vincent Felitti, alikuwa na kliniki ya watu wenye unene wa kupita kiasi. Alishangaa kuona kwamba wagonjwa waliokuwa wanapungua vizuri ndio waliokuwa wanaacha matibabu. Alipozungumza nao kwa undani aligundua kwamba wengi wao waliwahi kuingiliwa au kunajisiwa wakiwa watoto, na hawakuwahi kumwambia daktari yeyote. Kwa baadhi yao unene ulikuwa kama ngao.

Felitti akaungana na mwenzake Robert Anda. Kati ya mwaka 1995 na 1997 waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 maswali machache kuhusu utoto wao: Je, ulikuwa ukipigwa na kuumizwa nyumbani? Ulikuwa ukitukanwa na kudharauliwa? Kuna mtu aliyekuingilia? Mama yako alikuwa akipigwa? Nyumbani kulikuwa na mlevi, au mgonjwa wa akili, au mtu aliyefungwa gerezani? Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1998. Zaidi ya nusu ya watu waliojibu walikuwa wamepitia angalau jambo moja kati ya hayo. Wale waliopitia mambo manne au zaidi, ukiwalinganisha na wale ambao hawakupitia lolote, walikuwa na hatari kati ya mara nne na mara kumi na mbili ya kuwa walevi, kutumia dawa za kulevya, kuugua sonona au kujaribu kujiua. Walikuwa pia na ugonjwa wa moyo, wa mapafu, wa ini na hata saratani kwa wingi zaidi.

Sehemu ya sababu ni mazoea: mtu mwenye maumivu ya ndani anatafuta sigara au pombe ili apumue. Sehemu nyingine ni kile king'ora tulichokieleza.

Hapa tusimame kidogo. Wengi mnaosoma mnaweza kujihesabia mambo manne, na sita, na kumi, kwa kuwa vita vinaleta mengi kwa mkupuo mmoja. Msichukue hesabu hiyo kama hukumu. Hatari si uhakika. Mvutaji sigara ana hatari kubwa ya saratani ya mapafu, hata hivyo si kila mvutaji anaipata. Vilevile wapo watu wengi waliopitia makubwa utotoni wakawa wazazi wema, walimu, wakulima hodari, na watu wenye afya. Watafiti walipochunguza kilichowasaidia, jibu lililojitokeza mara kwa mara ni kwamba kulikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyekuwa upande wao bila kubadilika: mama, baba, bibi, shangazi, mwalimu, au jirani.

Njaa ya tumboni

Jambo la mimba tutaligusa kwa ufupi, kwani mnalisikia kliniki. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuelekea 1945 jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa ile wamefuatiliwa na madaktari mpaka uzeeni, nao wameonekana kuwa na kisukari zaidi kuliko wenzao waliotungwa mimba baada ya njaa kwisha. Wale ambao njaa iliwakuta katika miezi ya mwanzo ya mimba wameugua zaidi moyo na unene.

Kwa hiyo mama mjamzito aandikishwe kliniki mapema, mimba ikiwa bado changa, apate vidonge vya kuongeza damu na chakula cha nyongeza kinachotolewa kwa wajawazito. Na akina baba, mgao ukipungua, sahani ya mjamzito isiwe ya mwisho kupakuliwa. Mila ya baba kula kwanza ilikuwa na maana yake zamani. Hapa kambini inamgharimu mtoto ambaye bado hamjamwona.

Mtoto bila wazazi

Katika nchi ya Romania, kiongozi wa nchi Ceausescu alipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili watu waongezeke. Familia zilishindwa kulea, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1989 ulimwengu ukaona zaidi ya watoto 100,000 waliowekwa katika nyumba za serikali. Walipewa chakula na vitanda, lakini mlezi mmoja alihudumia watoto wengi mno, akibadilishwa kwa zamu. Watoto hawakuwa na mtu wao.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walianza kufuatilia watoto 136 wa nyumba hizo katika jiji la Bucharest. Nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia. Waliobaki kwenye nyumba za serikali walidumaa akili, na hata ubongo wao ulipopimwa ulikuwa na nguvu ndogo. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi, na waliopata familia kabla ya kufika miaka miwili ndio waliofaidika zaidi katika mambo mengi.

Hii ndiyo sababu mashirika yanayohudumia wakimbizi hayapendi kukusanya watoto waliopotezana na wazazi katika nyumba moja kubwa, hata kama nyumba hiyo ingekuwa na saruji na bati. Yanatafuta familia ya kuwapokea, huku Msalaba Mwekundu ukiendelea kuwatafuta ndugu. Katika makambi ya Maziwa Makuu baada ya mwaka 1994 maelfu ya watoto walipokewa na majirani ambao wao wenyewe hawakuwa na kitu. Kama nawe umepokea mtoto wa mwingine, mwandikishe ili afahamike, halafu umweke sahani moja na wako. Usimpe kazi ambazo wako hawazifanyi. Mtoto anajua upesi sana kama yeye ni mwana au mtumishi.

Saa moja kwa wiki, na chupa tupu

Sasa tufike kwenye habari ambayo tungependa mkaisimulie wenzenu wasiojua kusoma.

Mwaka 1986 na 1987, katika mitaa ya watu maskini ya Kingston, mji mkuu wa Jamaika, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa kwa utapiamlo, wenye umri kati ya miezi 9 na 24. Waliwagawa makundi manne. Kundi la kwanza walipewa maziwa ya nyongeza. La pili walitembelewa na mhudumu wa afya mara moja kwa wiki, kwa saa moja, kwa muda wa miaka miwili. La tatu walipata vyote viwili. La nne hawakupata nyongeza yoyote kati ya hizo.

Wahudumu hawa hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kawaida wa jamii, wamepewa mafunzo. Walifika nyumbani na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani na vitu vilivyotupwa, kama chupa na maboksi, pamoja na vitabu vya picha. Walikaa chini na mama na mtoto, wakamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kumpa majina ya vitu, kumsifu anapoweza. Walipoondoka waliacha vitu vile, na wiki iliyofuata wakaleta vingine. Ni hivyo tu.

Watoto hao walipofika umri wa miaka 22 walitafutwa tena. Waliokuwa wametembelewa, ukiwalinganisha na wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, walikuwa na akili nyepesi zaidi, walipatwa na sonona kidogo, walijihusisha kidogo na mapigano ya vurugu, na kipato chao kilikuwa kikubwa kwa asilimia 25 hivi. Upande wa akili, faida ya maziwa peke yake ilikuwa imeshafifia. Msituelewe vibaya. Mtoto mwenye utapiamlo lazima apate chakula, na uji wa lishe unaotolewa na kituo ni wa mtoto, usiuzwe sokoni. Lakini chakula kinajenga mwili unaosubiri kusemeshwa.

Hapa kambini kila kitu walichotumia Jamaika kipo. Chupa tupu ya maji yenye punje kumi za mahindi ndani yake ni kayamba. (Funga kifuniko kwa nguvu, mtoto asije akameza punje zikampalia.) Vifuniko vya rangi mbalimbali vinafundisha kuhesabu na kutenganisha. Mabaki ya kitenge ni mwanasesere. Kopo ndani ya kopo ni fumbo la kutosha kwa mtoto wa mwaka mmoja kwa asubuhi nzima. Na hata vitu hivi visipokuwepo, una uso na ulimi. Ukimnyonyesha, mtazame machoni. Ukichambua maharage, mwambie unafanya nini. Mtoto akisema “ba”, mrudishie “ba”, umngojee ajibu. Watu watakucheka kwamba unazungumza na asiyejibu. Waache wacheke.

Mnatuuliza mara nyingi: tumsemeshe kwa lugha gani? Kirundi, Kibembe, Kifuliiru, Kiswahili? Jibu ni lugha ile ambayo wewe mzazi unaijua mpaka kwenye mizaha na bembelezo. Kiswahili cha jirani na Kifaransa cha shule vitakuja vyenyewe.

Na bibi yupi hajasema kwamba mtoto akibebwa sana atadeka? Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, nchini Uganda, akakaa nao akiangalia wanavyolea. Aliona kwamba watoto ambao mama zao waliziona ishara zao na kuzijibu ndio waliothubutu kutambaa mbali, kushika vitu vipya na kuchunguza, wakigeuka mara moja moja kuhakikisha mama bado yupo. Mtoto aliyeshiba uwepo wa mama haning'inii kwenye nguo yake. Kitenge cha mgongoni kimefanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya utafiti.

Kuhusu fimbo

Tunajua jambo hili linaleta ubishi. Wazazi wanatuambia, “Samaki mkunje angali mbichi.” Nasi tunakubali. Lakini mwangalieni anayekunja samaki: hampondi kwa mwiko, anamkunja taratibu asikatike. Mtoto wa miaka mitatu anayepigwa hajifunzi kosa lake, anajifunza kumwogopa yule anayetakiwa kumzimia king'ora. Hapo anabaki hana mahali pa kukimbilia. Watoto wanaopigwa mara kwa mara huwa wagomvi zaidi, si watiifu zaidi.

Adabu haitokani na kuacha mambo yaende. Mwondoe kwenye hatari, mwambie “hapana” kwa sauti thabiti, mwonyeshe la kufanya, na neno lako la leo liwe lile lile kesho. Ukihisi hasira imekufika shingoni, mkabidhi mtoto kwa jirani, zunguka nyumba, unywe maji. Hasira nyingi tunazowamwagia watoto zina wenyewe, nao hawapo hapa: waliotufukuza kwetu, mgao uliopungua, barua ya usaili isiyojibiwa. Vilevile mama akipigwa mbele ya mtoto, mtoto amepigwa. Katika yale maswali ya San Diego jambo hilo lilihesabiwa sawa na mengine.

Mzazi aliyechoka

Kuna akina mama ambao wamesoma mpaka hapa na kusema moyoni, “Mimi sina nguvu ya kucheza na mtu.” Unaamka umechoka. Mtoto akilia unasikia kama analia mbali. Hupendi kula, hupendi watu, unawaza heri ungekufa. Huo si uvivu wala laana. Inawezekana ni sonona, ambayo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na inawapata wengi baada ya kujifungua na baada ya vita. Akina baba nao wanaipata, ingawa mara nyingi inajificha ndani ya pombe na ukali.

Inatibika. Huko Pakistani, katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona mara 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Walizungumza nao kuhusu mawazo yanayowalemea, kuhusu mtoto, na kuhusu watu wanaowazunguka. Utafiti huo wa akina mama 903 ulitangazwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, waliopata mazungumzo hayo ni asilimia 23 tu waliokuwa bado wanaumwa, wakati miongoni mwa wenzao waliotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Watoto wao waliharisha kidogo zaidi na wakapata chanjo zaidi. Na jambo ambalo sisi lilitufurahisha: baba na mama wote wawili walikuwa wakicheza na mtoto kwa muda mrefu zaidi.

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa pale katika miezi ya kwanza sasa ni mtu mzima, na wengi wa umri huo wana watoto wao. Kwa hiyo tunaposema “watoto wa kambi” tunazungumza pia habari za wazazi wa leo. Kama utoto wako ulikuwa wa namna hiyo, mlango haujafungwa. Ubongo unaendelea kujifunza hata ukubwani, ila polepole zaidi, na mara nyingi mtu anaanza kupona siku anapomsimulia mwenzake anayesikiliza bila kumkatiza.

Lini mtoto apelekwe kituoni

Mtoto aliyepatwa na jambo la kutisha anaweza kukojoa kitandani, kuota ndoto mbaya, kumng'ang'ania mzazi, au kurudia tabia za utoto alizokuwa ameziacha. Hili ni la kawaida katika majuma ya mwanzo. Usimwaibishe mbele ya wenzake, wala usimlaze peke yake kama adhabu. Shika ratiba: saa ya kula, ya kuoga, ya hadithi, ya kulala, hata kama chakula ni kile kile. Ratiba inamwambia mtoto kwamba kesho itafanana na leo. Akiuliza kuhusu baba aliyekufa, mwambie amekufa. Mtoto anayeambiwa kwamba baba amesafiri anaendelea kungoja mlangoni.

Lakini usisubiri ikiwa mtoto hakutazami machoni wala hatabasamu akiwa na miezi minne, au hasemi neno hata moja akiwa na mwaka mmoja na nusu, au ameacha kusema wakati alikuwa akisema, au hachezi kabisa na wenzake, au anajiumiza, au hali hizi za hofu zimepita mwezi mmoja bila kupungua. Familia nyingine zinaanza kwa mganga au kwa maombi, nasi hatuna ugomvi na maombi. Ila mtoto afike pia kituo cha afya, na mgonjwa wa kifafa asiachwe bila dawa. Mtoto aliyeingiliwa na mtu afikishwe siku hiyo hiyo, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi baada ya muda huo. Msimwogeshe kwanza, na nguo alizokuwa amevaa zichukuliwe kama zilivyo. Hata kama saa 72 zimepita, mleteni, kwani matibabu mengine bado yapo.

Mkifika, ombeni kuonana na nesi au mhudumu wa ushauri katika chumba cha peke yake. Beba kadi ya kliniki ya mtoto kama unayo, na kama ilipotea njiani njoo hivyo hivyo. Kadi nyingine itaandikwa hapo.